Siku Tatu Kabla ya Meli: Tunaposafiri na Mama Zetu



Likizo kubwa inakaribia, na katika vikundi vyetu swali moja linarudi kila mkutano: tumpeleke mama safari, au tumwache apumzike nyumbani? Wengi wetu wa Lubumbashi na Kasumbalesa tumezoea kwenda Dar es Salaam kutafuta mali ya kuuza. Njia tunaijua. Sasa mabinti wengine wanataka kwenda na mama aliyewazaa, wampandishe meli ya kwenda Zanzibar, aone bahari hata mara moja. Ni wazo zuri. Mama aliyetusomesha kwa kuuza makala na ndakala sokoni anastahili naye kukaa kwenye kiti na kubebwa na maji.

Lakini tuseme ukweli. Meli za mwendo kasi kutoka Dar hadi Unguja huchukua kama saa mbili tu. Kinachomchosha mama ni barabara iliyo mbele yake: karibu kilomita 2,000, kupita Zambia hadi Nakonde na Tunduma, kisha Mbeya, Iringa na Morogoro. Kwa hiyo leo tutazungumza zaidi juu ya siku za kabla ya meli.

Mama aulizwe kwanza

Mara nyingi watoto hukutana, hupanga, hukusanya pesa, na mama huambiwa siku ya mwisho. Si heshima hiyo. Tumkalishe, tumweleze ni siku ngapi barabarani, atalala wapi, nani atakuwa pembeni yake usiku. Akisema anaogopa maji, tusimcheke. Akisema hataki, tusimlazimishe ili tu tupate picha za kuonyesha majirani.

Pesa nazo zisemwe wazi kati ya ndugu. Kikundi kimoja kati yetu kilianzisha likelemba ya mama: kila mwezi watoto wanatoa kidogo, na fungu la mwisho halitumiki kabisa, ni la ugonjwa au kurudi haraka. Na jambo moja zaidi: mama asigeuzwe mbebaji. Kumwekea mzee mabalo ya biashara mpakani kwa sababu watu wa forodha wanamwonea huruma ni kumtia matatani kwa uzee wake.

Karatasi zake

Pasipoti haiwezi kuombwa na mtoto kwa niaba yake. Mama mwenyewe anafika kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Tuanze miezi kadhaa mbele, na tuangalie jina na mwaka wa kuzaliwa: mama zetu wengi wana mwaka mmoja kwenye karte ya uchaguzi na mwaka mwingine kwenye karatasi ya ubatizo. Tofauti hiyo irekebishwe nyumbani, isingoje kuonekana mpakani usiku. Habari za viza tuziulize kwenye ubalozi au konsula ya kila nchi tutakayopita, na kwa DGM. Tusitegemee maneno ya kituo cha basi.

Karte ya manjano ni lazima ifikiriwe mapema. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 karte ni halali kwa maisha yote, hata kama zamani iliandikwa miaka 10. Kwa mama aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, aonane na daktari kwanza, kwa sababu katika umri huo chanjo hii inaweza kuleta madhara makubwa kuliko kwa vijana. Tusimpeleke kuchomwa harakaharaka, wala tusinunue karte bila chanjo.

Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019. Zile sachets tunazofungia unga, sombe na viatu zibaki nyumbani. Kikapu, au mfuko wa kushonwa kwa kikwembe, unatosha.

Mwili wa mama hausemi

Hapa ndipo penye hatari. Mama zetu wanaficha. Hawataki kuharibu safari, hawataki tutumie pesa.

Mwenzetu mmoja alisafiri na mama yake mwenye ugonjwa wa presha. Mama alikuwa na kidonge cha kukojoza maji. Kwa aibu ya kumsimamisha dereva kila mara, akaacha kukimeza tangu Kasumbalesa, tena akaacha kunywa maji. Hakumwambia mtu. Walipofika Tunduma kichwa kilimuuma vibaya, macho yakaona giza. Hospitalini wakakuta presha imepanda sana. Walikaa Mbeya siku mbili hadi ikashuka. Meli waliipata, kwa sababu walikuwa wametenga siku tatu za ziada. Kama wangepanga kushuka basi na kuingia melini, binti huyo angelazimika kuchagua kati ya tiketi na mama, na mama angesema, “Twende tu, mwanangu.”

Basi tufanye hivi. Wiki mbili kabla, mama aonane na muganga wake na aseme safari yote. Dawa za siku zote za safari, na za wiki moja zaidi, zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi yenye majina ya dawa. Zisitupwe ndani ya valizi chini ya basi. Tummezeshe mbele ya macho yetu, kwa upole. Jambo la kukojoa tulizungumze sisi wanawake bila aibu: tumwambie dereva kabla ya kuondoka, tumkalishe karibu na mlango, tubebe pedi na kikwembe cha kubadili. Kila basi linaposimama, mama ashuke atembee kidogo, maana kukaa saa nyingi bila kusogeza miguu kunaweza kugandisha damu ndani ya mishipa. Na tukiweza, tukate njia: tulale Mbeya usiku mmoja, tuoge, tule bugali ya moto, tuendelee kesho.

Saa ya Dar si saa yetu

Dar iko saa moja mbele ya Lubumbashi. Saa 12 za mchana hapa, kule ni 13. Tena wengi wetu tunahesabu saa kama Wafaransa, lakini Watanzania wanahesabu tangu jua kuchomoza. Mtu wa Dar akisema “saa moja asubuhi”, anamaanisha 7:00. Akisema “saa tatu”, ni 9:00. Tusome namba iliyoandikwa kwenye tiketi, tubadili saa ya simu, tumwonyeshe na mama. Meli haingoji.

Tufike Dar siku moja au mbili kabla. Mama alale, miguu iliyovimba ishuke. Tiketi tuinunue ofisini kwa kampuni, si kwa vijana wanaotukimbilia bandarini. Pasipoti isifungwe ndani ya mizigo, kwa sababu Zanzibar nayo ina ukaguzi wake wa wageni. Tangu Oktoba 2024 kuna pia bima ya wageni ya Zanzibar. Tuulize mapema kama inatuhusu.

Siku yenyewe

Likizo yetu ya Julai na Agosti ni wakati wa upepo wa kusi, na mawimbi huwa makubwa. Mama ale kidogo asubuhi, asipande na njaa wala na tumbo lililojaa. Akae chini, katikati ya meli, aangalie mbali mahali maji yanapokutana na mbingu. Dawa ya kichefuchefu asipewe bila muganga wake kuijua, maana nyingine huleta usingizi na kizunguzungu.

Hatujasahau Oktoba 2024, mashua ilipozama Ziwa Kivu karibu na Goma ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Kwa hiyo tukifika tu, tuulize jaketi za kuokolea ziko wapi na tumwonyeshe mama namna ya kuivaa. Na chombo kikionekana kimejaa mno, tushuke. Tiketi inaweza kununuliwa tena.

Mama wapenzi, katika mkutano wa wiki hii tuzungumze haya: Je, tunajua majina ya dawa ambazo mama zetu wanameza? Je, pasipoti na karte zao ziko wapi? Na je, tumewahi kuwauliza wanatamani kuona nini kabla ya kuzeeka kabisa? Huenda tutakuta mmoja hataki bahari hata kidogo. Anataka tu kurudishwa kijijini kwake, akaone kaburi la mama yake. Hiyo nayo ni safari, na maandalizi yake ni yaleyale.

Tubaki na amani.