Lafudhi Kizuizini

Muha wa Kigoma hakuanza kusafiri leo. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya mashamba ya mkonge ya Tanga ilifunguka. Vijana wa Kasulu na Kibondo wakaenda kutafuta fedha ya kodi ya mkoloni na ya nguo, wakaitwa manamba. Wajukuu wao hupanda basi la alfajiri kwenda Kahama, Mwanza au Dar es Salaam: chuo, hospitali ya rufaa, biashara ya maharage. Barabara iliyokuwa mashimo, vumbi na hofu ya majambazi, hadi mabasi yakasindikizwa na askari wenye bunduki, sasa inapata lami. Lakini ipo adha isiyotibika kwa lami. Kiha na Kirundi ni ndugu, mpaka wa Burundi uko jirani, kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zimekuwa humohumo mkoani; basi likisimamishwa kizuizini, lafudhi ya abiria huweza kugeuka ushahidi dhidi yake, kwamba ni Mrundi. Mwenye kitambulisho cha taifa huendelea. Aliyekisahau nyumbani (bibi wa kijijini hukumbuka kadi ya kliniki tu) huenda akashushwa na vifurushi vyake, aulizwe babu yake alizaliwa wapi, huku dereva akipiga honi.