Lugha ya Kutunzia Seva: Vitenzi Vilivyosahauliwa

Kazi ya kuunda istilahi za kompyuta katika Kiswahili aghalabu imeanzia kwenye nomino. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na mabishano hayo hayakukosa faida. Lakini fundi anayetunza seva ya Unix au Linux katika chuo kikuu hahitaji jina la chombo kilicho mbele yake. Anahitaji lugha ya kueleza alichokitenda jana, ili mwenzake atakayeshika zamu kesho asije akaharibu. Hapo ndipo wanaisimu walipomwacha peke yake.

Wako wanaodai kuwa uwanja huu hauna budi kubaki wa Kiingereza kwa kuwa amri zenyewe ni za Kiingereza. Dai hili halina msingi. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na amri zake nyingi ni vifupisho ambavyo hata mzaliwa wa London sharti afundishwe. Amri ya grep, kwa mfano, ni herufi zilizotokana na agizo la ed, programu ya zamani ya kuhariri matini. Kinachompa Mwingereza nafuu si amri bali maelezo yake: mwongozo wa kwanza wa Unix ulitolewa Novemba 1971, na tangu hapo mwongozo umekuwa sehemu ya mfumo wenyewe.

Hata maneno yaliyo ya Kiingereza dhahiri hupotosha yakifanyiwa tafsiri sisisi. Amri ya kill, licha ya jina lake, kazi yake ni kupeleka ishara kwa programu. Ishara namba 15 huitaka programu ijifunge kwa utaratibu. Namba 9 huikata papo hapo, bila kuipa nafasi ya kuhifadhi chochote. Namba 1 hupokewa na programu nyingi za huduma kama agizo la kusoma upya faili la mipangilio, nazo huendelea na kazi. Atakayeandika “ua” katika hali zote tatu atakuwa amefuta tofauti ambayo fundi anaihitaji mno, hasa inapohusu hifadhidata. Kiswahili kina kufunga, kukata na kushtua. Vitenzi hivi vingetosha, lau vingeandikwa.

Hali kadhalika neno root. Kiingereza hulitumia kwa mambo mawili: saraka iliyo chanzo cha saraka zote, na mtumiaji mwenye mamlaka yote juu ya mfumo. Saraka na iwe mzizi, maana mfano wa mti unaafiki. Mtumiaji je? Ngeli yenyewe inakataa: mzizi ni wa M-/MI-, naye ni mtendaji. “Mkuu” latosha, na mkanganyiko unaowasumbua wanafunzi wa Kiingereza haupo tena.

Mfano bora zaidi uko pwani. Manahodha waliweka batli, daftari la mambo yanayotokea chombo kikiwa safarini. Kiingereza nacho kilichukua neno lake la kumbukumbu za seva kutoka merikebuni. Iweje basi yaliyohifadhiwa katika /var/log yaitwe “logi”? Yamkini waundaji wa istilahi hawakufika bandarini kuuliza.

Mafundi wenyewe hawakungoja. Husema seva imelala, imeanguka, ipandishwe. Usemi huo hauandikwi popote, na fundi akihama huondoka nao, pamoja na sababu za kila badiliko alilofanya. Idara za Kiswahili zingefanya vyema kumweka mwanafunzi wa uzamili kando ya fundi kwa muhula mzima, anukuu vitenzi vyake na kuandika naye batli ya seva. Kipimo cha andiko hilo kisiwe idhini ya kamati yoyote. Apewe fundi wa pili, asiyeijua seva ile, aitumie batli pekee kuirejesha kutoka kwenye nakala rudufu.