Goti bandia: tuulize kwanza kamba zipi zitabaki

Katika mitaa ya Kikula, Panda na Shituru, hapa Likasi, wazee waliotumikia Gécamines miaka ishirini ao thelathini wanatembea na fimbo. Wengi waliacha kazi kuanzia mwaka 2003, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliotoa wafanyakazi zaidi ya 10 000. Pamoja na kazi waliacha pia matunzo ya hospitali ya kampuni. Leo goti likikataa, jamaa inakutana, inahesabu dola, wakati mwingine inauza kiwanja, na mzee anapelekwa Lubumbashi, Lusaka, Afrika Kusini ao India.

Katika mikutano hiyo ya jamaa swali ni moja tu: pesa ngapi? Swali lingine halisikiki: daktari akiweka goti la chuma, ligamenti zipi ataziacha na zipi atazikata? Kwa maoni yangu, swali hilo ni la mgonjwa pia, si la daktari peke yake.

Ligamenti ni zile kamba ngumu zinazofunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Kubwa ni nne: mbili za pembeni, na mbili za katikati zinazopishana kama msalaba, moja mbele na moja nyuma. Zinazuia goti kuyumba, tena zinaupasha ubongo habari mguu uko namna gani. Goti zima likibadilishwa, kwa kawaida ile ya mbele inaondolewa. Juu ya ile ya nyuma, madaktari wamegawanyika tangu miaka ya 1970. Wengine wanaiacha. Wengine wanaikata na kutumia goti lenye kigingi cha plastiki kinachofanya kazi yake. Uchunguzi uliolinganisha njia hizo mbili haukuona tofauti kubwa kwa mgonjwa, kwa hiyo mtu asikuuzie moja kwa bei ya juu akisema nyingine imepitwa na wakati.

Za pembeni hazina ubishi. Lazima zibaki, na zikazwe sawa pande zote mbili. Zikiharibika, goti la kawaida halisimami. Panatakiwa lile lenye bawaba kama mlango, ambalo ni la bei kali na linausumbua mfupa zaidi.

Kuna pia goti la nusu. Lile linalojulikana zaidi lilitengenezwa Oxford, Uingereza, na John Goodfellow pamoja na John O'Connor. Daktari anabadilisha upande uliosagika tu, na kamba zote nne zinabaki. Mgonjwa anaamka haraka na goti linamkaa karibu kama lake mwenyewe. Ni kweli kwamba wanaorudi kupasuliwa tena ni wengi kuliko wa goti zima. Lakini sharti lake ni gumu: uharibifu uwe upande mmoja, na ligamenti ya mbele iwe nzima.

Na hapo ndipo Likasi inaponihuzunisha. Kijana anaanguka na pikipiki, ao anageuka vibaya uwanjani akicheza mpira. Goti linalia na kuvimba. Anakandwa maji ya moto, anavutwa mguu, na baada ya wiki mbili amerudi machimboni kubeba mifuko ya madini. Ligamenti ya mbele imekatika na hakuna aliyeiangalia. Goti linayumba kila siku, ule mto laini kati ya mifupa unasagika, na siku atakapohitaji goti la nusu, nafasi hiyo imeshapotea. Kuitambua kamba iliyokatika hakuhitaji kwanza mashini kubwa: daktari aliyefundishwa anakunja goti, anavuta muundi mbele kwa mikono, na anajua. Mazoezi ya kukaza misuli ya paja nayo si ya matajiri.

Najua jibu litakuwa lipi. Malaria inaua watoto, na serkali imeanza na uzazi wa bure. Nani atazungumza magoti ya chuma? Kuanza na uzazi ni haki. Lakini pesa za magoti zinatoka tayari, kutoka mifukoni mwa jamaa, na wazee wengine wanarudi bila karatasi yoyote. Goti likilegea ao likiingia vidudu baada ya miaka sita, daktari wa hapa anafungua bila kujua ni la aina gani na kamba zipi zilibaki. Malawi, isiyo na shaba wala kobalti kama yetu, ilianzisha daftari la kitaifa la viungo bandia mwaka 2005. Jimbo la Haut-Katanga linashindwa nini kufungua lake, na kampuni za migodi kulilipia? Magoti haya yalichakaa yakitoa madini.

Kwa sasa, ndugu msomaji, kabla mzee hajatia sahihi, uliza kwa nini goti zima na si nusu, na kamba zipi zitabaki. Baada ya upasuaji dai ripoti na vibandiko vyenye jina na namba za goti lililowekwa. Viweke pamoja na hati ya kiwanja, kama kiwanja bado kipo.