Tusiyachome Majani, Tumsikilize Bibi



Nyumbani Kibokoni bibi yangu ana miasumini miwili uani, ndani ya madebe. Kila akiosha samaki, maji yale huyamwagia miasumini. Sisi wajukuu tulikuwa tukiziba pua: "Bibi, utatuletea nzi!" Naye hujibu, "Nyinyi someni, mimi nataka maua."

Siku hizi sicheki tena. Ndani ya jani mna vijumba vya kijani viitwavyo kloroplasti. Humo protini iitwayo Rubisko hunasa kaboni ya hewani ili mmea ujitengenezee sukari. Lakini protini haijengwi bila nitrojeni, na katika mimea mingi takriban robo tatu ya nitrojeni ya jani imo ndani ya vijumba hivyo. Tena mna karani wa mizani! Ni protini iitwayo PII, iliyotambuliwa katika mimea mwaka 1998. Hiyo hupima kaboni na nitrojeni iliyopo, na nitrojeni ikizidi, husaidia iwekwe akiba. Ikipungua, mmea huvunja protini za majani makuukuu na kuwalisha wachanga. Ndiyo maana majani ya chini hutangulia kuwa manjano.

Kumbe maji ya samaki yana nitrojeni! Bibi hakusoma Bayolojia, lakini miasumini yake inamjua.

Sasa tuje shuleni kwetu. Kila Ijumaa tunafagia majani, tunayarundika nyuma ya madarasa, tunayatia moto. Kisha tunalalamika kwamba maua ya mbele ya ofisi hayanawiri! Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, udongo ni haba. Jani lililoanguka bado lina nitrojeni kiasi, na ukilichoma, sehemu kubwa yake hupaa na moshi. Je, huko si kuchoma mbolea yetu wenyewe?

Wapo watakaosema shimo la mboji litanuka. Ni kweli, likitupwa tu bila kuangaliwa. Likifunikwa kwa udongo na kupinduliwa mara kwa mara, halitasumbua mtu. Zamu za kufagia tunazo, basi tuongeze na ya kupindua.

Walimu wetu, twaomba shimo moja tu, kando ya uwanja, kwa mwaka mmoja. Tukishindwa, jembe la kulifukia nitalishika mimi. Na tukifaulu, ua la kwanza ni la bibi.

Mwanachama, Kidato cha Tatu