MBWA SI JALALA LA GHALA

Ndugu wanaushirika, ndugu wanakijiji,

Safari hii hatuandiki habari za madeni ya pembejeo. Tunaandika habari za mbwa. Wapo watakaocheka. Wacheke kwanza, halafu wasome mpaka chini.

Mnajua kuwa ghala letu lilipofagiwa mwezi uliopita yalibaki mahindi yaliyonyeshewa pale bati lilipotoboka. Yalikuwa na ukungu wa kijani na manjano. Kamati ikakaa, ikasema: hayauziki, hayaliki, basi wenye mbwa wagawiwe bure. Sisi tulikuwemo kikaoni na mkono tuliunyosha. Hatutajificha nyuma ya muhtasari. Leo mbwa saba wamekufa. Walikataa chakula, wakatapika, macho na fizi vikageuka manjano, wawili wakaharisha damu. Watu wakasema wamelogwa. Bwana mifugo alipofika aliuliza swali moja tu: wamekula nini?

Ile sumu inaitwa sumukuvu. Inatokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa mbichi au kunyeshewa, nayo hushambulia ini. Kupika hakuiondoi. Songa ugali uive upendavyo, sumu imo vilevile. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu, na hapo ndipo wataalamu walipoanza kuitafuta. Marekani, mwishoni mwa mwaka 2005, mbwa wengi walikufa kwa chakula cha kiwandani kilichotiwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Tena tusiende mbali. Mwaka 2004 jirani zetu wa Kenya, upande wa mashariki, walizika watu 125. Mwaka 2016 msiba huo ukaingia kwetu, Dodoma na Manyara. Hao ni watu, ndugu, si mbwa.

Sasa tuulizane. Hivi mbwa hapa kijijini ni nani? Usiku fisi akija zizini, anayeamka wa kwanza ni yeye. Mchana nyani wakishuka shambani, anayewakimbiza ni yeye, na sisi tuko kivulini. Mshahara hana, likizo hana. Tunasimama mkutanoni kupiga kelele juu ya unyonyaji, kisha tunarudi nyumbani kumtupia mlinzi wetu ukoko na teke. Huo nao ni unyonyaji, hata kama anayenyonywa ana mkia.

Utasikia mtu akisema, "Watoto wangu hawashibi, nimpe mbwa nyama?" Nani amesema nyama? Mpe ugali wa dona wa mahindi mazima, uchanganye na dagaa wa kuchemsha au vichwa vya samaki, pamoja na maji safi kila siku. Pumba tupu humjaza tumbo lakini hazimjengi mwili. Jike anayenyonyesha aongezewe, na vitoto vipewe kidogo kidogo mara tatu kwa siku. Vitunguu vinamdhuru damu, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti ikamchoma utumbo. Mbona hayo hayana gharama?

Na ninyi wachinjaji, tunawaona. Mkikuta ini au pafu la mbuzi lina malengelenge ya maji, mnalirusha kwa mbwa. Ndani ya malengelenge hayo mna vichanga vya tegu. Mbwa akila, tegu hukomaa tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, mtoto anacheza uwanjani, anatia mkono mdomoni, na miaka ikipita uvimbe unamjaa kwenye ini. Turkana, huko Kenya, wameteseka sana na ugonjwa huo mpaka kampeni ya kuupiga vita ikaanzishwa mwaka 1983. Viungo hivyo vichemshwe nusu saa nzima ndipo apewe, au vizikwe shimo refu asiweze kufukua.

Mbwa mwenye njaa hazuriwi, anazurura mwenyewe. Anakula mizoga, anaiba mayai, anagombana na mbwa wa mbali ambao hatujui kama wamechanjwa kichaa. Halafu tunamwita mwizi na kumpiga mawe. Jamani, nani aliyemfundisha wizi?

Tumebakiza jambo moja, nalo ndilo lililotunyima usingizi. Tumesikia kwamba madebe mawili matatu ya mahindi yale hayakufika kwa mbwa kabisa. Yamechambuliwa, yakaoshwa, yakaingia kwenye kimea. Mwenye kufanya hivyo ajue kuwa pombe haiisafishi sumukuvu. Wala kuchambua punje mbovu hakutoshi kwa mahindi yaliyoharibika kiasi kile. Na aliyewapa ng'ombe aache leo hii, maana sumu hupita ikaingia kwenye maziwa, na maziwa tunawapa watoto.

Kamati imekutana tena na kufuta uamuzi wake wa kwanza. Bati litazibwa kwa fedha za posho zetu wajumbe za vikao viwili. Jumamosi saa mbili asubuhi shimo litachimbwa nyuma ya ghala. Kila mwenye mahindi hayo, yawe punje, unga au kimea, ayalete. Hatuandiki jina la mtu na hatumwulizi mtu alitaka kuyafanyia nini. Mwenye jembe aje nalo, ya ghala ni mawili tu.

Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kamati