DJ KAMCHAFUA FUNDI BURE, AMPLIFAYA KAIUNGUZA MWENYEWE

Video ya yule DJ wa zilipendwa bado inazunguka. Wengi mmeiona: amplifaya imefunguliwa mezani, nyeusi kwa moshi, halafu sura ya fundi imebandikwa na neno "tapeli". Toka siku hiyo fundi wa watu anashinda kibandani bila mteja.

Upande wa pili DJ kaukalia kimya. Fundi alimwomba aiache amplifaya siku tatu aipime. DJ akagoma, ana shoo Jumamosi. Akaleta transista nne mpya alizookota kwa bei chee, akaamuru za zamani zing'olewe zote eti zimezeeka.

Zimezeeka! Mashine ni ya miaka ya 1970, sawa, lakini transista isiyopikwa na joto inaweza kupiga miaka 40 na bado ikawa nzima. Vinavyochoka mapema ni vingine: kapasita zinakauka, solda inapasuka, na ile pasta ya kupitisha joto inageuka unga. Pasta ikishakauka, transista inachemka. Ikichemka inapitisha umeme mwingi zaidi, inazidi kuchemka, mpaka inakufa. Yaani ukiweka mpya bila kugusa pasta, na yenyewe inaenda huko huko.

Kupima nako sio uchawi. Mita ikiwekwa kwenye alama ya dayodi, kutoka beizi kwenda emita, na beizi kwenda kolekta, inasoma kama 0.5 mpaka 0.7. Ukigeuza nyaya isisome kitu. Ikileta 0, hiyo imeungua. Tatizo mita inatumia umeme mdogo sana, kwa hiyo transista mbovu inaweza kufaulu mezani ikafeli kwenye mzigo. Ndo maana mafundi wanaojielewa wanawasha mashine kwanza kupitia balbu ya zamani ya wati 60 au 100, sio taa ya LED. Balbu ikiwaka kidogo ikafifia, poa. Ikiganda inawaka kwa nguvu, zima haraka.

Sasa hizo za bei chee. 2N3055 orijino inahimili ampea 15 na volti 60. Feki ina maandishi hayo hayo juu ya bati, ila ndani kuna kipande kidogo cha silikoni kisichoweza hiyo kazi. Mita haiwezi kukuambia. Ukumbini sauti ikapandishwa, transista ikashoti, umeme wote ukaingia kwenye spika. Koili kwaheri.

Fundi naye ana lake. Alitakiwa amwambie bosi hii kazi siifanyi, njaa ikamponza. Lakini utapeli uko wapi hapo? Zile nne za zamani anazo kwenye kopo mpaka leo, na alipozipima tatu zilikuwa nzima.

DJ kafunga komenti. Afute video basi, au aposti na hizo transista zake watu wazione.

Wadau mnasemaje?