Eti "kwangu inafanya kazi"!

Siku nyingi sijaandika, mitihani ilitubana. Leo nina dukuduku, mnivumilie kidogo.

Juzi hosteli tulibishana mpaka saa nane usiku. Mwenzangu wa chumbani anasoma kompyuta (mimi ni ualimu, Hesabu na ICT, kama mnavyonijua). Ameandika programu ya kusoma mafaili kwa io_uring, ile njia iliyoingia kwenye Linux toleo la 5.1 mwaka 2019. Kwenye mpakato wake wa Intel ikapiga kazi safi kabisa. Akaihamishia kwenye kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, jamii ileile ya zile za simu zetu. Mara mojamoja ikawa inaleta jibu la ombi la zamani! Jamaa akaanza kuilaumu keneli. Mimi nasema kosa ni lake, na letu pia walimu.

Iko hivi. io_uring ina madaftari mawili ya duara kwenye kumbukumbu, ambayo keneli na programu wote wanayaona: moja la maombi, jingine la majibu. Kila daftari lina namba ya mkia, yaani maandishi yamefika wapi. Keneli inaandika jibu, halafu inasogeza mkia. Programu inasoma mkia, halafu jibu. Rahisi, sivyo? Tatizo ni kwamba prosesa, na hata kompaila, inaweza kupangua zamu ili kuokoa muda.

Chukulia CR wetu. Anapeleka karatasi za somo kwa jamaa wa fotokopi, ndipo anabandika tangazo kwamba zipo. Akibandika kabla, tutakuta za wiki iliyopita. Lakini hata yeye akifuata utaratibu, wewe ukichukua karatasi kwanza ndipo usome tangazo, umebeba za zamani huku unaamini ni mpya. Ndicho kilichompata mwenzangu. Keneli ilifuata zamu. Yeye alisoma mkia kienyeji, bila amri ya kuizuia prosesa isiwahi kusoma jibu. Zamu inalindwa pande zote mbili.

Najua kuna atakayesema, basi tubaki na Intel. Wapi! Hata huko, kusoma kunaweza kuruka mbele ya kuandika kulikotangulia. io_uring ina namna ambayo keneli yenyewe inachungulia daftari la maombi, na ikikosa kazi inainua bendera ya kuomba iamshwe, inaangalia mara ya mwisho, inalala. Programu inasogeza mkia, kisha inaangalia bendera. Bila kizuizi kamili katikati, programu inaona bendera haijainuliwa, keneli nayo haioni ombi jipya. Mmoja amelala, mwingine anamsubiri. Hiyo ni kwenye Intel hiyohiyo mnayoisifia.

Sasa walimu wenzangu. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha niliwaambia watoto wa kidato cha pili kwamba kompyuta inatekeleza amri mstari kwa mstari, nukta. Aliyeandika hivyo nikampa vema. Kwa kweli najuta. Ni sawa programu ikiwa peke yake, lakini wawili wakishika daftari moja, anayetazama anaweza kuona mambo kwa mpangilio mwingine. Sisemi tuwajaze watoto habari za keneli. Nasema tuongeze sentensi moja tu, ili wakifika huku wasianze kwa kuvunja walichojengewa na sisi.

Mwenzangu sasa anatumia maktaba ya liburing, ambayo inaweka vizuizi hivyo yenyewe. Tangu jana haijakosea, anatamba koridoni. Mimi sijampa mkono bado. Siku moja bila kosa si ushahidi, maana hata ile ya mwanzo ilipita siku nyingi kwenye mpakato. Nimemwambia anieleze kwa nini haiwezi kukosea. Akiweza, chai ya kesho juu yangu.

Mnaonaje wadau?